Maisha ya Paul Ehrlich, Mganga Aliyezitambua Chembe za Damu

Mwezi huu twataka kuwasimulia maisha ya mtu mmoja aliyekufa zaidi ya miaka mia iliyopita, ambaye kazi yake ingali ikiendelea kila siku katika hospitali zetu, ingawa wengi hawalijui jina lake. Mtu huyu ni Paul Ehrlich, mganga wa Ujerumani. Yeye ndiye aliyewafundisha waganga kuzitambua chembe nyeupe za damu zilizo askari wa mwili. Tena yeye ndiye aliyelitoa neno kemotherapi, yaani kuponya kwa dawa za kikemia. Katika siku zake mambo haya mawili yalionekana kuwa mbalimbali. Lakini katika siku zetu yamekutana kitandani pa mgonjwa wa kansa, maana dawa iuayo kansa huziua pia chembe zile, na mgonjwa huachwa kwa siku kadha wa kadha bila mlinzi, hata kijidudu ambacho zamani hakikumdhuru kikaweza kumwua. Basi ni vema tuijue habari ya mtu huyu tangu mwanzo, ili kila mwenye mgonjwa nyumbani afahamu sababu ya maonyo apewayo na waganga.

Paul Ehrlich alizaliwa tarehe 14 Machi mwaka 1854 katika mji mdogo wa Strehlen, katika jimbo la Silesia, ambalo siku zile lilikuwa chini ya mfalme wa Prussia, na siku hizi mji huo umo katika nchi ya Poland. Wazazi wake walikuwa Wayahudi. Baba yake alikuwa na nyumba ya wageni na kiwanda kidogo cha pombe kali. Shuleni hakuwa mwanafunzi wa kusifiwa sana. Mitihani ilimchosha, na insha zilimshinda. Lakini alikuwa na jamaa wa upande wa mama yake, jina lake Karl Weigert, mtu aliyemzidi miaka tisa, naye alikuwa mganga aliyezoea kuzitazama nyama za mwili kwa darubini ya kukuzia vitu vidogo. Huyo ndiye aliyemwonyesha kijana Ehrlich jambo lililomshika maisha yake yote, yaani rangi.

Yafaa tueleze kidogo habari ya rangi hizo. Katika miaka ile viwanda vya Ujerumani vilikuwa vimeanza kutengeneza rangi nyingi za kutilia nguo, nazo zilitolewa katika lami ya makaa ya mawe. Weigert na wenzake waliona kwamba ukikikata kipande chembamba cha nyama ya mwili na kukitia katika rangi hizo, sehemu zake hazipokei rangi sawasawa. Sehemu moja hunywa rangi hii, nyingine huikataa. Wengine waliona kuwa hiyo ni njia nzuri ya kuona tu. Ehrlich akauliza sababu yake. Ikiwa rangi moja yashikamana na chembe moja na kuipita jirani yake, bila shaka kuna kitu katika chembe ile kinachoishika. Na ikiwa ni hivyo kwa rangi, kwa nini isiwe hivyo kwa dawa? Swali hili alikuwa nalo tangu ujana, na hakuliacha hata kufa kwake.

Alisoma uganga katika miji ya Breslau, Strassburg, Freiburg na Leipzig, na mwaka 1878 akapata shahada yake ya udaktari kwa kitabu juu ya kutia rangi nyama za mwili. Kisha akaitwa Berlin, katika hospitali kubwa ya Charité, akafanya kazi chini ya profesa Frerichs, ambaye alimpa nafasi ya kufanya majaribio yake bila kumsumbua. Mikono yake ilikuwa na madoa ya rangi siku zote, ya buluu, nyekundu na zambarau, hata watu wakamcheka.

Huko Berlin alilitwaa tone la damu, akalipaka jembamba sana juu ya kioo, akalikausha kwa moto wa bamba la shaba, kisha akalitia rangi. Waliomtangulia walipotazama damu waliona chembe nyekundu nyingi mno, na baina yake chembe chache zisizo na rangi, wakaziita chembe nyeupe, wakaishia hapo. Lakini Ehrlich alipozitia rangi zake, katika mwaka 1879 na miaka iliyofuata, akaona kwamba hizo chembe nyeupe ni makabila mbalimbali. Baadhi yake zina punje ndogo ndani zinazoipenda rangi iliyo na tabia ya asidi. Nyingine punje zake hupenda rangi ya namna ya pili. Tena ziko nyingine, nazo ndizo zilizo nyingi kuliko zote, ambazo punje zake hupokea rangi ya katikati, si ya upande huu wala wa upande ule. Hizo akaziita neutrofili. Jina hilo latumika mpaka leo katika kila hospitali duniani.

Kazi ya neutrofili hakuijua bado. Ilijulikana kwa njia nyingine. Mwaka 1882 mtu wa Urusi, Ilya Metchnikoff, alipokuwa akikaa Messina, katika kisiwa cha Sicilia, alikichoma mwiba kitoto cha kiti cha pweza, ambacho mwili wake ni mwangavu kama kioo. Kesho yake akaona chembe za mwili zimeukusanyikia ule mwiba na kuuzingira. Akafahamu ya kuwa mwilini mna chembe zinazotembea, ambazo hukimbilia mahali palipoingia adui na kumla. Miongoni mwa walaji hao katika mwili wa mtu, neutrofili ndizo zinazotangulia kufika. Usaha tuuonao katika jipu kwa sehemu kubwa ni neutrofili zilizokufa vitani. Mwaka 1908 Ehrlich na Metchnikoff walipewa pamoja tuzo ya Nobel, kwa kuwa wote wawili, kila mtu kwa njia yake, walikuwa wameonyesha jinsi mwili unavyojilinda.

Mwaka 1888 Ehrlich aliandika habari za mgonjwa mmoja, mwanamke wa miaka 21 aliyekuwa mja mzito. Mama huyo aliishiwa na damu kwa ghafula, akatokwa na damu hapa na pale, akashikwa na homa kali, akafa upesi. Alipoupasua mfupa wake na kuutazama uboho, ambao katika mtu mzima mwenye afya ni mwekundu katika mifupa mingi, Ehrlich aliona umekuwa manjano, umejaa mafuta tu. Akafahamu kwamba uboho ndio tanuru ambamo chembe za damu hufanyizwa, na tanuru hili lilikuwa limezimika. Mama yule alikuwa hana chembe nyekundu za kutosha, wala chembe nyeupe za kumlinda. Hakujua Ehrlich ya kuwa baada ya miaka sitini hivi waganga wangeuona uboho mtupu kama ule tena na tena, lakini safari hii wameuzima wao wenyewe kwa dawa, kwa makusudi ya kumponya mgonjwa.

Katika miaka hiyohiyo Ehrlich mwenyewe akaugua. Alikuwa amekuwapo Berlin tarehe 24 Machi mwaka 1882, siku ile Robert Koch alipotangaza kwamba amemwona mdudu wa kifua kikuu, na usiku uleule akaanza kutafuta namna iliyo bora ya kumtia rangi mdudu huyo. Baada ya miaka michache akaitumia njia yake kwa makohozi yake mwenyewe, akawaona wadudu wale. Akaondoka na mkewe Hedwig, aliyemwoa mwaka 1883, wakaenda Misri, akakaa huko kati ya mwaka 1888 na 1889 katika hewa kavu, hata kifua kikapoa. Aliporudi hakuwa na kazi, akafanya uchunguzi wake katika nafasi ndogo aliyoipata mwenyewe, mpaka Koch alipomwita katika taasisi yake mpya.

Mwaka 1891, pamoja na mwenzake Guttmann, aliwapa wagonjwa wawili wa malaria rangi ya buluu iitwayo methilini, kwa kuwa alikuwa ameona rangi hiyo yashikamana na vijidudu vya malaria. Wagonjwa wakapata nafuu. Rangi ya kutazamia ilikuwa imegeuka dawa ya kutibu. Kisha akafanya kazi na Emil Behring juu ya seramu ya dondakoo, ugonjwa uliowasonga watoto wengi koo hata kufa. Seramu ilikuwa imekwisha kupatikana, lakini nguvu yake haikuwa sawa: chupa moja iliponya, nyingine haikufaa kitu. Ehrlich akaweka kipimo cha hakika, ili mganga ajue kila chupa ina nguvu kiasi gani. Kipaji chake kikubwa kilikuwa hicho cha kupima, wala hakuridhika na dawa isiyopimwa.

Mwaka 1899 akahamia mji wa Frankfurt na kuwekwa juu ya taasisi mpya ya serikali, na mwaka 1906 mjane mmoja tajiri, Franziska Speyer, akatoa mali ya marehemu mumewe kumjengea nyumba ya uchunguzi, ikaitwa Georg-Speyer-Haus. Hapo Ehrlich alifanya kazi kwa desturi zake za ajabu. Chumba chake kilijaa vitabu na makaratasi hata mgeni hakuona pa kukaa. Alivuta sigara nene kutwa nzima. Kila siku aliwaandikia wasaidizi wake maagizo juu ya vipande vya karatasi za rangi, kila mtu na kazi yake.

Hapa habari yake yagusa nchi zetu. Katika miaka ile ugonjwa wa malale uliwaua watu wengi sana kandokando ya ziwa Victoria. Mwaka 1906 na 1907 Koch alikuja Afrika ya Mashariki, akakaa katika visiwa vya Sese, upande wa Uganda, akawatibu wagonjwa wengi kwa dawa yenye aseniki iitwayo atoxyl. Wadudu wa malale walitoweka katika damu, na wengi wakapata nafuu. Lakini dozi zilipozidishwa, wako waliopofuka, na macho yao hayakurudi. Dawa iliyomwua mdudu ilikuwa imeiua mishipa ya macho ya mtu.

Ehrlich alikuwa akiichunguza dawa ileile huko Frankfurt. Mwaka 1907 yeye na mkemia wake Alfred Bertheim walionyesha kwamba waliotangulia walikosea juu ya umbo la atoxyl, na kwamba yaweza kubadilishwa kwa namna nyingi. Kazi yao tangu siku hizo ikawa kuibadilisha na kuipima, kuibadilisha na kuipima, mamia ya mara. Na kila dawa mpya aliipima kwa vipimo viwili. Cha kwanza, ni kiasi gani cha dawa kinachotosha kumponya mnyama? Cha pili, ni kiasi gani ambacho mnyama aweza kukivumilia bila kudhurika? Ikiwa nafasi kati ya vipimo hivi viwili ni pana, dawa yafaa. Ikiwa ni nyembamba, dawa ni ya hatari. Aliitamani dawa iliyo mfano wa risasi ya hadithi za kale za Ujerumani, ambayo hata ikipigwa gizani humpata yule aliyekusudiwa peke yake, na jirani yake haimgusi.

Mwaka 1909 akaja kutoka Japani mganga mvumilivu aitwaye Sahachiro Hata. Ehrlich akampa kazi ya kuzipima upya dawa zote za aseniki juu ya sungura walioambukizwa kaswende. Moja ya dawa hizo, iliyoandikwa namba 606, ilikuwa imekwisha kutengenezwa zamani na kuwekwa kando. Hata aliipima, na vidonda vya sungura vikapona. Mwezi wa Aprili mwaka 1910 wakaitangaza katika mkutano wa waganga huko Wiesbaden. Kabla ya kuiuza, Ehrlich aliwagawia waganga dozi 65,000 hivi bure, kwa sharti kwamba kila mmoja amletee habari ya yale aliyoyaona, mema na mabaya. Ikaitwa Salvarsan, nayo ndiyo dawa ya kwanza iliyotengenezwa kwa makusudi, ikapimwa, na kuponya ugonjwa mkubwa wa kuambukiza.

Lakini haikuwa ile risasi aliyoitamani. Ilikuwa ngumu kuchanganywa, na ilipochomwa vibaya ilileta madhara makubwa. Wagonjwa wengine walikufa. Waganga waliofuata waliona pia kwamba kwa watu wachache dawa hiyo iliuharibu uboho, chembe nyeupe zikapotea, wakafa kwa maambukizo. Ehrlich alizisoma habari hizo zote, akaitafuta dawa iliyo pole zaidi, akaipata mwaka 1912. Walakini maadui zake walimshambulia magazetini, wakamwita mwuaji na mpenda fedha, na wengine wakamtukana kwa kuwa ni Myahudi. Mwaka 1914 mmoja wa washtaki hao alihukumiwa na mahakama ya Frankfurt kwa kusingizia, na Ehrlich alisimama kuwa shahidi. Kesi ikaisha kwa heshima yake, bali afya yake ilikwisha kuvunjika. Mwaka uleule, umri wake ukiwa miaka 60, ndipo alipopata kuwa profesa kamili katika chuo kikuu kipya cha Frankfurt. Kisha vita vikaja. Akafa tarehe 20 Agosti mwaka 1915 huko Bad Homburg, akazikwa katika makaburi ya Wayahudi ya Frankfurt. Serikali ya Hitler ilipotawala, ililiondoa jina lake katika barabara iliyoitwa kwa heshima yake, na mjane wake akaikimbia nchi, akafa Marekani mwaka 1948. Lakini neno alilolitoa halikuweza kuondolewa.

Sasa tuangalie mambo yaliyofuata. Ehrlich alikuwa ameichunguza pia kansa katika panya kwa miaka mingi, wala hakupata dawa yake. Njia ya kwanza ilifunguka mahali ambapo hakuna aliyeitazamia. Mwaka 1917, katika vita vile, jeshi la Ujerumani lilitumia gesi ya haradali kuwaunguza adui zake. Mwaka 1919 waganga wa Marekani waliandika kwamba watu walioipata gesi ile chembe zao nyeupe zilikuwa zimepungua mno, na uboho wao umeharibika. Mwaka 1942, katika chuo kikuu cha Yale, waganga wakamchoma mgonjwa wa kansa ya tezi dawa iliyo ndugu ya gesi ile. Uvimbe ukayeyuka kwa siku chache, jambo ambalo halijapata kuonekana. Lakini chembe zake nyeupe zikashuka sana, kisha uvimbe ukarudi, naye akafa kabla ya mwaka kwisha. Mwaka 1948 Sidney Farber wa Boston akaandika habari za watoto 16 wenye kansa ya damu waliopewa dawa iitwayo aminopterini; 10 kati yao wakapata nafuu kwa muda. Hivyo kemotherapi ya kansa ikaanza, na tangu mwanzo ikawa na ubaya huo pamoja na wema wake.

Sababu yake twaweza kuifahamu kwa vile vipimo viwili vya Ehrlich. Kijidudu cha malale au cha kaswende ni mgeni mwilini. Umbo lake si letu, na dawa yaweza kumtambua. Kansa si mgeni. Ni chembe zetu wenyewe zilizoasi na kuzaana bila kiasi. Dawa nyingi za kansa hushika chembe zizaanazo upesi. Lakini katika mwili wa mtu mzima uboho nao huzaa chembe upesi sana, na neutrofili huishi katika damu muda mfupi, hata yapasa kuongezwa kila siku kwa mabilioni. Uboho ukipigwa na dawa, akiba yakwisha kwa siku chache. Kwa dawa nyingi hesabu ya neutrofili hufika chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi, kisha uboho hufufuka na hesabu hupanda tena. Dawa hizo hujeruhi pia ngozi laini ya kinywa na matumbo, na hapo ndipo vijidudu vilivyokuwa vikikaa kwa amani tumboni mwa mtu hupata mlango wa kuingia katika damu.

Kwa miaka mingi wagonjwa wa kansa ya damu walikufa kwa kutokwa na damu au kwa maambukizo. Waganga walipojifunza kuwaongezea chembe za kugandisha damu, kifo cha kutokwa damu kilipungua, na maambukizo yakabaki kuwa mwuaji wa kwanza. Mwaka 1966 Gerald Bodey na wenzake huko Marekani walionyesha kwa hesabu kwamba kadiri neutrofili zinavyopungua ndivyo maambukizo yanavyozidi, na kadiri siku za upungufu zinavyorefuka ndivyo hatari inavyokua. Hesabu ya kawaida ya mtu mzima ni elfu kadhaa katika milimita moja ya ujazo wa damu. Ikishuka chini ya 500, mgonjwa yu katika hatari kubwa. Chembe zilizopewa jina na Ehrlich kwa rangi zake zikawa ndizo kipimo cha uzima wa mgonjwa.

Tena hatari hiyo hujificha, na neno hili twawaomba wasomaji walishike. Kwa mtu mwenye nguvu, kidonda kikiingiwa na vijidudu huvimba, huwa chekundu na kutunga usaha. Lakini tumekwisha kusema usaha ni neutrofili. Asiye na neutrofili hatungi usaha; kidonda chake chaweza kuonekana safi, na kifua chake chaweza kukosa makohozi, hali vijidudu vimekwisha kuenea katika damu. Mara nyingi dalili ni homa peke yake. Wengine hata homa hawapati, ila kutetemeka, kulegea, kuchanganyikiwa au kupumua mbio. Mtu wa namna hiyo aweza kuwa anaongea na wageni jioni, naye asiione asubuhi.

Hapo zamani waganga walingoja kwanza wamtambue mdudu katika maabara kabla ya kutoa dawa, na walipomtambua mgonjwa alikuwa amekwisha kufa. Mwaka 1971 waganga wa Baltimore, Stephen Schimpff na wenzake, walieleza faida ya kutokungoja: mara homa ionekanapo, mgonjwa apewe antibayotiki kali katika mshipa, na uchunguzi ufuate nyuma. Vifo vikapungua sana. Siku hizi desturi ya hospitali nyingi ni kutoa dozi ya kwanza katika saa moja tangu mgonjwa afikapo. Tangu mwaka 1991 pia imepatikana dawa ya kuuchochea uboho, ili siku za upungufu zipungue, nayo hupewa wale walio katika hatari zaidi.

Basi nyumbani tufanyeje? Mwenye mgonjwa atumiaye dawa hizi na awe na kipimajoto, na ajue kukisoma. Homa ikifika digrii 38.3 mara moja, au ikikaa digrii 38 kwa muda wa saa moja, apelekwe hospitali saa ileile, ijapokuwa ni usiku wa manane. Asipewe kwanza vidonge vya kushusha homa akalala kungoja asubuhi, maana vidonge huificha dalili wala havimwui mdudu. Wala asiingizwe dawa yoyote kwa njia ya haja kubwa. Afikapo mlangoni, na aseme mara moja kwamba yu katika matibabu ya kansa na siku aliyopewa dozi ya mwisho, asije akapangwa foleni pamoja na wenye homa za kawaida. Katika nchi yenye malaria jambo hili ni la lazima zaidi, kwa kuwa watu wamezoea kudhani kila homa ni malaria. Malaria ipimwe, lakini kupimwa kwake kusiicheleweshe antibayotiki. Na wote waingiao kwake wanawe mikono kwa sabuni; wenye mafua na wakae mbali; maji yachemshwe na chakula kiive sawasawa. Hayo ni madogo, walakini yamewaokoa wengi.

Liko neno moja zaidi ambalo Ehrlich aliliona mapema. Mwaka 1907 yeye na wasaidizi wake waligundua kwamba wadudu wa malale waliopewa dawa kidogo kidogo huizoea, na baadaye haiwadhuru tena. Jambo hilo limeenea sasa katika vijidudu vya kila namna. Anayenunua antibayotiki dukani na kuzimeza bila shauri la mganga, au anayeziacha katikati, huwafundisha vijidudu kuizoea dawa. Na anayelipa gharama yake huenda akawa mtoto wa jirani mwenye kansa ya damu, asiye na silaha nyingine ila dawa ile.

Huko Dar es Salaam, kando ya bahari, ingali imesimama hospitali iliyojengwa na Wajerumani katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, siku zile Ehrlich alipokuwa akipima seramu yake. Tangu mwaka 1996 mahali hapo pamekuwa Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, na dawa za kansa hutolewa pia KCMC, Moshi, na Bugando, Mwanza. Kila siku huko damu ya wagonjwa hupakwa juu ya vioo na kutiwa rangi, na chembe zake nyeupe huhesabiwa, ndipo mganga aamue kama dozi itolewe leo au ingojwe wiki nyingine. Mgonjwa aambiwapo angoje, asinung'unike akidhani amenyimwa dawa. Vipimo viwili vya Ehrlich vimepimwa juu yake, na kile cha pili kimeonyesha kwamba askari wake hawajarudi.